Saa Isiyo na Ukoo

Muzee Gracien wa mtaa wa Kasha, Bukavu, alikuwa fundi wa kuta za mawe. Ukipanda kutoka barabara ya Bagira, zile kuta zinazoshika udongo usimwagike juu ya nyumba za watu, nyingi zimepita mkononi mwake. Shule hakuiona. Jiwe alilijua kwa kuligonga nyundo na kutega sikio: likiitika vizuri linakaa, likikohoa linatupwa. Maneno yake nayo aliyachagua hivyo hivyo, na mengi aliyatupa.

Mke wake Lucie alikufa mvua zikianza. Ilikuwa homa, ikawa hospitali, ikawa sanduku. Akiulizwa, Gracien alisema hayo matatu, basi.

Baada ya maziko watu walikula, wakaimba, wakakunja viti, wakaenda. Gracien akabaki juu ya mkeka katika chumba cha mbele, mgongo kwenye ukuta. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakaa kilio. Kwa ukoo wa Lucie, mwanaume aliyefiwa na mke hatoki nje ya ua wake mpaka kaka wa marehemu aje, amshike mkono, amwinue. Mkono uliomleta binti siku ya ndoa ndio huo unaomwachilia mume. Siku hizi wengi wameyaacha hayo. Wanashona nguo zenye picha ya marehemu, wanapiga muziki, mambo yamekwisha. Gracien hakugombana nao. Lakini Lucie aliletwa katika ua huu na Aloys, kaka yake wa kule Katana, na Gracien hakutaka kujiinua mwenyewe kama mtu aliyeiba binti wa watu. Pale kaburini Aloys alimwambia:

"Maharagi ikishatoka mu shamba, nakuja kukuinua."

Basi Gracien akangoja maharagwe.

Aliyeshindwa kungoja ni Eulalie, mtoto wao wa pekee. Huyu alilelewa Kinshasa kwa shangazi tangu mdogo, na huko ndiko alikoolewa. Daktari mmoja wa huko alimwambia kwamba wazee wakifiwa wanakaa chini, na wakikaa chini hawaamki tena. Neno hilo lilimwingia kama mwiba. Akanunua telefone ya kugusa na saa ya mkono, ile ya kioo cheusi, akavituma na mama mmoja wa parokia aliyekuwa anarudi Bukavu.

Kifurushi kilifunguliwa na jirani, Djamila. Djamila ni mtu wa Uvira, wa familia ya Waislamu wafanyabiashara, na kibanda chake cha kuuza unités, yaani vocha za simu, na telefone kimeegemea ukuta wa ua wa Gracien. Tangu Lucie aondoke, alikuwa anamletea muzee bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, bila kuitwa. Mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Aïe, Papa Gracien! Batoto bengine banatumaka sukari. Wa kwako ametuma usine, kiwanda muzima."

"Iko nini?"

"Hii telefone. Ya kugusa. Nzuri, sikatai, lakini inapenda courant kuliko mulevi anapenda kasiksi. Ile yako ya kubonyeza unaichargea dimanche, inakufikisha dimanche ingine. Hii, asubui imeshiba, mangaribi inalia njaa. Na kila mwaka banaiongeza macho mu mugongo. Macho mbili, macho tatu. Sijui banataka ione nini huko nyuma. Mimi nabiuzaka, Papa, lakini yangu mwenyewe ni ya kubonyeza."

"Na hii?"

"Hii ni saa. Lakini kusema saa si kazi yake ya kwanza. Inahesabu miguu yako, inasikiliza moyo yako, inajua kama ulilala ao haukulala. Kisha inaenda kusema byote kwa Eulalie."

Gracien aliigeuzageuza kiganjani. Haikuwa na mshale, haikuwa na mlio.

"Saa ya zamani ilikuambia saa, ikanyamaza."

"Hii hainyamazi, Papa."

"Basi si saa. Ni mama mukwe."

Djamila alicheka mpaka akashika mlango. Tangu maziko, hilo lilikuwa neno la kwanza la mzaha kutoka kwa muzee. Akamfunga saa mkononi, akaweka telefone mpya karibu na mkeka, akarudi kwenye kibanda chake.

Kabla jua halijageuka alisikia anaitwa. Akakuta Gracien ameunyosha mkono mbali na mwili, kama mtu aliyekaliwa na mdudu.

"Inatetemeka."

Djamila akainama, akasoma. "Inaandika: Levez-vous. Simama."

"Nani anasema?"

"Saa."

"Ya ukoo gani?"

Djamila alikuwa amekwisha kufungua mdomo acheke. Akaufunga.

"Nauliza," Gracien akasema. "Mwenye kuniambia simama ni Aloys. Hii inatoka ukoo gani, ndiyo iniambie nisimame?"

"Haina ukoo, Papa. Inatoka ku Chine."

"Basi iniache."

Akaivua, akaitundika kwenye msumari, chini ya rozari ya Lucie.

Siku ya pili Eulalie akapiga simu. Alikuwa anapiga kelele hata kabla ya salamu.

"Papa! Uko muzima? Saa inaonesha moyo hakuna!"

"Iko ku musumari."

"Ku musumari? Papa, sicheki. Kabla ya kuivua, ilionesha ulikaa tu. Siku muzima."

"Nakaa kilio."

"Ile ni mambo ya zamani!"

"Mama yako naye ni ya zamani sasa?"

Kutoka Kinshasa Gracien akasikia mtoto wake anavuta kamasi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo ilimwogopesha Gracien kuliko kelele.

"Papa, nilimuzika Maman kwa telefone. Sikufika. Wewe sitakuzika hivyo. Sikia: kama hii saa haitanionesha unatembea, nakuja miye mwenyewe, nakuchukua, nakuleta huku. Nyumba tutaifunga."

Gracien alimjua. Neno la Eulalie likishatoka halirudi. Alirithi kwa baba yake. Na akichukuliwa kabla Aloys hajafika, nani atamwinua huko Kinshasa? Atakuwa amemwacha Lucie njiani, bila kuaga watu wake. Alikaa akitazama mlango. Bugali lilipoa.

"Papa," Djamila akasema, "anachotaka kuona ni miguu, si ndiyo? Saa haina macho. Haijui miguu ni ya nani. Lete nivae miye."

Gracien hakukataa. Hakukubali pia. Aligeuza uso tu, na Djamila akaitoa saa kwenye msumari.

Djamila alikuwa mtu wa kutembea. Asubuhi alishuka soko la Kadutu kuchukua bidhaa, akapanda, akashuka tena kumfuata mtu wa deni, akapanda. Jioni alikuja kuiweka saa karibu na telefone ya muzee ili imwage habari zake zote, na habari zikaruka mpaka Kinshasa. Eulalie akafurahi kama mtu aliyefufuliwa ndugu. Sasa alipiga kwa kucheka.

"Papa! Unatembea kuliko bwana yangu! Na moyo yako, moyo ya kijana! Lakini jana muchana ilikimbia sana, sana. Kulikuwa nini?"

Gracien alimtazama Djamila. Djamila akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akafanya mdomo wa kutafuna. Mbuzi wa jirani alikuwa amekula kadi za unités, naye Djamila akamkimbiza mpaka kanisani.

"Kulikuwa mbuzi," Gracien akasema.

"Mbuzi! Na tena naona kila siku unaamka mbele ya jua. Unaendaka misa?"

Djamila alikuwa anaamka kusali alfajiri.

"Kuna sala," Gracien akasema. Wala haukuwa uongo.

Lakini simu zikikatwa alikaa akipangusa mikono kwenye suruali, ingawa mikono haikuwa na kitu.

Maharagwe yalitoka. Gracien aliyaona katika sahani kabla mtu hajamwambia: yalikuwa mapya, yaliiva haraka. Akamwomba Djamila amnyoe. Akafua shati lake mwenyewe, akalianika uani. Akangoja Aloys. Soko la juma likapita, na jingine. Aloys hakuja.

Aliyekuja ni Ignace, mwuza ndizi wa Katana, ambaye hupita Kasha na mzigo wake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Pole, Papa Gracien. Niko na neno ya Aloys, lakini haina sukari."

"Sema."

"Anasema hawezi kuinua mutu mwenye alisha simama."

"Nilisimama wapi?"

"Mu telefone. Eulalie anatiaka mu groupe ya famille. Papa ametembea, Papa ametembea. Kuna na carte, ile ramani. Ni mustari mwekundu: unatoka Kasha, unashuka, unaingia mu soko ya Kadutu, unarudi. Aloys alinionesha. Alisema: 'Dada yangu, udongo yake haijakauka, na bwana yake anazunguka mu soko.' Na tena..." Ignace akatazama kofia yake.

"Malizia."

"Ule mustari unasimamaka kila siku ku nyumba moja karibu na soko. Unakawia pale. Aloys anauliza ni kwa mwanamuke gani."

Gracien akageuza kichwa polepole kumtafuta Djamila. Djamila alikuwa anatazama ndara zake.

"Ni kwa dada yangu, anaitwa Sikujua," akasema. "Nakunywaka kwake chai."

Hakuna aliyecheka. Ignace alipoondoka, Djamila akapiga namba ya Aloys kwenye telefone mpya, akaiweka sikioni mwa muzee.

"Semeki," Gracien akamwambia shemeji yake, "sikutoka."

"Niliona na macho yangu."

"Uliona nini?"

"Mustari."

"Kuja uone mutu."

"Gracien, kilio haiinuliwe mu telefone, na miye siinuke hapa kwa ajili ya mutu mwenye alinifanya kichekesho mbele ya famille. Eulalie ni mutoto yako. Haongope juu ya baba yake."

Akakata.

"Twende Katana," Djamila akasema. "Nalipa pikipiki. Tunamueleza uso kwa uso."

"Nikienda, ndiyo nimesimama."

"Basi nitaenda miye."

"Atauliza wewe ni nani."

Djamila akaketi kizingitini. Gracien naye alikuwa anawaza kwa njia aliyoizoea. Ukuta ukipinda, huongezi mawe juu ili ufiche. Unabomoa mpaka unalifikia lile lililokaa vibaya. Jiwe lililokaa vibaya hapa alilijua, na hakuwa Djamila aliyeliweka. Djamila alilibeba tu. Aliyegeuza uso ni yeye Gracien.

"Nipe ile saa," akasema.

"Eulalie atakufa na woga."

"Aone."

Akaivaa mwenyewe, akahangaika na mkanda mpaka ukashika. Akakaa.

Saa ikafanya kazi yake. Ikatetemeka, ikaandika, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Gracien aliiacha kama unavyoacha mtoto wa watu alie. Mvua ilipiga bati. Kwenye mkeka, upande wa dirisha, palikuwa pahali pa Lucie pa kuchambulia mboga. Alikuwa anapenda mwanga. Gracien hakuwahi kukaa upande huo, na hata sasa hakukaa. Wakati mwingine aligusa kioo cheusi, na kwa sababu hakujua kusoma, aliona mwanga mdogo tu unaopiga, unaopiga. Djamila alikuwa amemwambia huo ndio moyo. Alishangaa kwamba bado unafanya hivyo, bila kuulizwa.

Simu ya Eulalie ilikuja mapema kuliko walivyofikiri.

"Papa, unagonjwa? Carte inaonesha nukta tu. Nukta moja, haitoki!"

"Sigonjwi. Sasa ndiyo saa inasema kweli."

"Na zile siku zingine?"

"Miguu ya Djamila."

"Yote?"

"Yote."

"Na moyo?"

"Ya Djamila."

"Na misa ya asubui?"

"Sala ya Waislamu."

Eulalie alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko au kilio, na yeye mwenyewe bila shaka hakujua ni ipi.

"Ndiyo kusema tangu Maman afe, haujatoka mu ua hata mara moja?"

"Namungojea tonton yako Aloys. Alisema maharagi ikitoka anakuja. Maharagi ilitoka. Ila aliona mustari yako, akakasirika. Anasema niko na mwanamuke ku Kadutu."

"Mustari yangu?"

"Ile ya mwekundu."

Gracien akasikia magari ya Kinshasa.

"Papa," Eulalie akasema mwishowe, "kwa nini haukuniambia kama ni kaka ya Maman tu anaweza?"

Gracien akafikiri. Alikuwa amesema "nakaa kilio", na kwake neno hilo lilikuwa limebeba yote. Hakuna mtu wa Katana ambaye angehitaji la pili. Sasa aliona kwamba mtoto aliyelelewa mbali alikuwa amesikia "nakaa" peke yake.

"Nilidhani unajua," akasema. "Kosa yangu."

Eulalie hakuahidi kitu. Alikata. Lakini Djamila, aliyejifunza kuchungulia lile kundi la familia kwenye telefone ya muzee, alimwambia baadaye kwamba Eulalie ameandika maneno marefu kwa mjomba wake, mbele ya watu wote, na kwamba mwisho aliweka picha ya ile nukta ya ramani.

Aloys alifika Jumapili baada ya misa, suti yake ikiwa na vumbi la barabara, na bidoni la kasiksi mkononi, ile pombe ya ndizi ya kwao. Hakusalimia. Alisimama katikati ya chumba akimtazama shemeji yake aliyekonda juu ya mkeka.

"Saa iko wapi?"

Gracien akanyosha mkono. Aloys akaitazama kama unavyomtazama shahidi aliyewahi kukudanganya.

"Hii nilishaiamini mara moja. Sogea."

Gracien akasogea bila kusimama, akijivuta kwa makalio. Aloys akapiga goti, suti na yote, akapapasa pale alipokuwa amekaa. Ukindu ulikuwa umekatika, umelala, umekuwa laini kama kitambaa cha zamani. Mkeka ulikuwa umeshika umbo la mtu. Akainua macho ukutani: chokaa ilikuwa imetoka pale penye mabega mawili. Akapitisha kidole, akakiangalia. Alikawia sana.

"Saa mutu yeyote anavaa," akasema. "Mukeka iko na mwenyewe."

Djamila alikuwa mlangoni, mtandio umefunika nusu ya mdomo.

"Papa Aloys, ni miye. Soko ni miguu yangu. Ile nyumba ni ya dada yangu, nakunywaka chai. Mbuzi, ni miye nilimukimbiza."

"Mbuzi gani?"

"Acha tu, Papa."

Aloys alimtazama kutoka mtandioni mpaka kwenye ndara. "Kumbe hawa Waislamu ndiyo banatutembezeaka kilio!" Akacheka kwa pua, mara moja, akapangusa macho. "Lete kikombe, mama. Mbili. Wewe najua haukunywe."

Akamimina kasiksi. Kidogo akakimwaga chini, upande wa dirisha, na Gracien hakujua nani alimwambia kwamba ni huo. Wakanywa. Kisha Aloys akasimama mbele ya mkeka, akanyosha mkono.

"Dada yangu umemukalia vizuri, semeki. Inatosha."

Gracien alikuwa ameungoja mkono huo mvua nzima. Sasa ulikuwa mbele yake, una vinyweleo vyeupe, una kovu la panga kwenye kidole gumba, na hakuushika. Mpaka hapo alikuwa mume wa Lucie anayekaa kilio chake. Akisimama, atakuwa nani? Aloys hakumharakisha. Mkono ulikaa hewani mpaka ukaanza kutikisika kwa kuchoka, na Aloys hakuushusha. Gracien aliuona unatikisika. Akamhurumia mwenye mkono. Akaushika.

Magoti yalilia kama mlango. Aloys akamtia bega chini ya kwapa, wakasimama wote wawili, wakakaa hivyo kidogo wakitafuta usawa. Saa ikatetemeka. Hakuna aliyeisoma. Gracien akachukua fimbo pembeni mwa mlango, wakatoka, wakapita uani, wakafika kwenye njia. Jua lilikuwa kali, Gracien akafumba macho. Djamila alikuwa ametangulia, na sasa aligeuka akamwangalia kama mgeni aliyefika kutoka mbali.

"Jambo, Papa Gracien," akasema. Mpaka siku hiyo wote walikuwa wanamwambia pole.

"Jambo, mama."

Walikuwa hawajafika kwenye kona ya kwanza ya mteremko telefone ikaanza kulia. Aloys, kwa sababu mikono ya mwenzake ilikuwa imeshika fimbo na bega lake, akaitoa kwenye mfuko wa shati la Gracien, akajibu yeye.

"Allô? Ndiyo, ni tonton. ... Iko hapa. ... Hapana, Eulalie, hawezi kuongea sasa. Anatembea."

Akakata, akaitia telefone katika mfuko wake mwenyewe kwa kusahau, wakaendelea kushuka, polepole, kwa ajili ya magoti.